Anayeomba Mchango Aje na Daftari

Siku ya gulio hapa Titye, mkoani Kigoma, nilisimama kwa muuza maharage mmoja, mtu wa makamo, nikisubiri anipimie kilo tano. Simu yake ikalia. Akaitoa mfukoni, akaisogeza mbali na macho kama tufanyavyo sisi ambao umri umetupita, akasoma, akakunja uso, akaifuta ile meseji. Nilimjua kuwa mwanachama wa miaka mingi wa chama kilichoituma. Mikutano yao haimpiti, na kila mwaka wa uchaguzi bendera yao hupepea juu ya kibanda chake. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, “Mwalimu, hawa hawanijui. Wangenijua wangeanza kwa kuniuliza habari za nyumbani.”

Meseji hiyo nilikuwa nayo mimi pia. Ilisema siku zimebaki chache, mgombea anahitaji nguvu yetu, tuma mchango wako sasa kwenye namba hii. Haikuwa na salamu wala jina langu, na haikuonyesha jina la aliyeiandika. Kesho yake ikaja nyingine, na keshokutwa nyingine, kila moja ikipiga kelele kuliko iliyotangulia. Ndipo nilipoona kwamba ni wajibu wangu kusema na viongozi wa vyama vyetu vya siasa, vyote, chenye dola na visivyo na dola.

Ndugu zangu, hakuna Mtanzania mwenye simu asiyelijua neno la matapeli: “Ile pesa tuma kwenye namba hii.” Limewaliza wazee wetu, likawamalizia akiba wajane, hata Mamlaka ya Mawasiliano ikatenga namba 15040 ili wananchi waripoti namba za wahalifu hao. Watu wetu wamefundishwa, tena kwa machungu, kwamba meseji inayokuja ghafla, isiyo na salamu, yenye haraka na namba ya kutumia pesa, ni ya mwizi. Sasa chama kinachotaka kuongoza nchi kinapoandika meseji yenye sura hiyohiyo, kinategemea nini? Yule mfanyabiashara hakukichukia chama chake. Alifanya alichofundishwa kufanya. Lakini kila mara anapoifuta meseji ya chama kwa kidole kilekile anachofutia ya tapeli, vitu viwili hivyo vinasogeleana moyoni mwake, na umbali huo ukishaisha ni kazi kubwa kuurudisha.

Wala watu wa nyanda hizi, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, si wagumu wa kutoa. Njoo uone msiba. Mtu huketi karibu na mlango akiwa na daftari na kalamu. Anayetoa elfu moja huandikwa elfu moja; anayeleta debe la maharage huandikwa debe la maharage; mama aliyekuja na mzigo wa kuni kichwani naye huandikwa jina lake na kuni zake. Watu kabla hawajatawanyika, mzee mmoja husimama akasoma: kilichoingia ni hiki, sanda na jeneza vimechukua hiki, chakula kimechukua hiki, kilichobaki wamekabidhiwa wafiwa. Hapo hata aliyetoa mia tano husikia jina lake likitajwa mbele ya kijiji. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri; lakini moyo huo una macho, hupenda kuona ulichotoa kimekwenda wapi. Sisi Waha wa nyanda hizi tunajulikana kwa salamu zetu ndefu, za kuinama na kupiga makofi, na shida haitajwi mpaka salamu ziishe. Mgeni anayeingia uani akataja shida yake kabla ya kusalimu, hata shida hiyo iwe ya kweli kiasi gani, amejifungia mlango mwenyewe.

Siasa ya nchi hii iliujua utaratibu huo. Mwalimu Nyerere alipokwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa Machi 1955, TANU haikuwa na hata mwaka mmoja tangu izaliwe Julai 7, 1954. Nauli yake ilichangwa. Mwanahistoria Mohamed Said ameandika kwa kirefu jinsi wazee wa Dar es Salaam walivyoibeba kazi hiyo, na jinsi Idd Faiz Mafongo alivyozunguka kukusanya fedha. Mchangiaji wa siku zile alimwona mtu aliyekuja kuomba, alijua fedha ni ya safari, alijua msafiri ni nani na anakwenda kusema nini. Msafiri aliporudi, aliwaeleza watu alikofika. Shilingi ya mchuuzi wa samaki ikawa na habari ya kumsimulia mwanawe.

Halafu tulipita katika miaka ya aibu. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, haukupita muda mrefu fedha ikaanza kutembea kinyume: mgombea ndiye akawa mtoaji, mpiga kura akawa mpokeaji. Fulana, kanga, sukari, pilau, na noti iliyokunjwa kiganjani. Tukaipa jina zuri, takrima, na sheria ikairuhusu, mpaka Mahakama Kuu ilipoitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayotaka vyama na wagombea waonyeshe walichopata na walichotumia. Sheria zimekuja, ila mazoea hayakufa siku ile. Bado wapo vijana wanaomuuliza mgombea amewaletea nini.

Kwa hiyo nataka nieleweke vizuri. Mimi sipingi vyama kuomba wananchi michango. Naona ni jambo jema kuliko mengi yaliyotokea katika siasa yetu tangu mwaka 1992. Mtu aliyekula pilau ya mgombea ameuza sauti yake. Mtu aliyemchangia mgombea shilingi elfu moja amenunua haki ya kumuuliza. CHADEMA walipozindua harambee waliyoiita Tone Tone Februari 2025, na CCM walipofanya yao Agosti mwaka huohuo na kutangaza zaidi ya shilingi bilioni 80, taslimu na ahadi, njia zilitofautiana sana, ya matone na ya mapipa, lakini vyote viwili vilikiri kwamba chama huishi kwa wanaokichangia. Ni kwa sababu jambo hili ni jema na bado ni changa ndiyo maana naumia kuona likiharibiwa na meseji za kubahatisha.

Tena tunao ushahidi wa karibu kwamba Mtanzania akiombwa vizuri hutoa. Machi 10, 2020 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wa CHADEMA na kuwatoza faini iliyofikia shilingi milioni 350 kwa jumla, la sivyo kifungo. Wafuasi wakachanga kwa simu na kwa mkono, na siku chache baadaye Freeman Mbowe alikuwa nje. Usiangalie chama, angalia ombi. Kiasi kilijulikana mpaka shilingi ya mwisho, kwa kuwa mahakama ndiyo iliyokitamka. Sababu ilijulikana. Matokeo yalionekana kwa macho: mtu alikuwa gerezani, sasa yuko nyumbani kwake. Hakuna aliyehitaji kutishiwa kwamba saa zimebaki tatu, maana saa zilikuwa zimebaki kweli.

Kutisha kwa saa za uongo ni ugonjwa tulioagiza kutoka mbali, na waliotuuzia hawajapona. Marekani, kampeni ya Barack Obama ya mwaka 2012 ilikuwa na waandishi wa barua pepe waliojaribu barua moja kwa sura hata 18 kabla ya kuchagua ya kuwatumia watu wote. Barua moja ya Juni mwaka huo, yenye kichwa cha kusema mgombea atazidiwa matumizi na mpinzani wake, peke yake iliingiza zaidi ya dola milioni 2.6. Wanasiasa wote wakaona hapo pana mgodi. Wakachimba bila kipimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walipokusanya zaidi ya barua pepe 100,000 za kampeni za uchaguzi wa mwaka 2020, walikuta hila tele: vichwa vya barua vilivyoandikwa kana kwamba ni majibu ya barua uliyowahi kuandika wewe, saa zinazohesabu kurudi nyuma kuelekea mwisho ambao haupo. Gazeti la New York Times likafichua mwaka 2021 kwamba kampeni ya Donald Trump ilitumia kisanduku kilichokwisha kuwekwa alama, kinachogeuza mchango wa mara moja kuwa wa kila wiki mtoaji asijue. Kampeni hiyo na chama chake wakalazimika kurudisha zaidi ya dola milioni 122. Fikirini juu ya watu hao. Hawakuwa wapinzani. Walikuwa wafuasi waliotoa kwa mapenzi, wakaishia benki wakiomba warudishiwe fedha zao kama watu walioibiwa.

Mtaalamu wa kampeni atanijibu kwamba meseji ni rahisi: ukiwatumia watu laki moja na akatoa mmoja katika kila mia, umepata watoaji elfu moja kwa gharama ndogo. Hesabu hiyo imefanywa na mtu ambaye hajawahi kuishi kata kama yetu. Wale tisini na tisa waliobaki nao wana kura. Zaidi ya kura, wana vitu ambavyo chama hakiwezi kununua. Hapa kwetu utajiri wa chama hauko kwenye simu. Uko kwa kijana mwenye pikipiki atakayembeba wakala mpaka kituo cha mbali njia ikiwa tope. Uko kwa mama atakayewapikia mawakala waliokesha wakihesabu, kwa mzee mwenye uwanja wenye mwembe mpana unaofaa kwa kikao, kwa fundi cherehani atakayeshona bendera bila kudai. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi, chama ambacho hakikuwa kikubwa nchini, kilipata wabunge wanne wa kuchaguliwa, na wote wanne walitoka Mkoa huu wa Kigoma: Moses Machali wa Kasulu Mjini, Agripina Buyogera wa Kasulu Vijijini, Felix Mkosamali wa Muhambwe, yaani Kibondo, na David Kafulila wa Kigoma Kusini. Watu wa nyanda hizi wakiamua kukibeba chama, wanakibeba. Lakini meseji inayodai fedha tu inamwambia mwenye pikipiki, mpishi na mwenye uwanja kwamba walichonacho hakihesabiwi.

Tena kuna suala la majira. Uchaguzi wetu huwa Oktoba, mvua zikianza. Agosti na Septemba, meseji zinapomiminika, mkulima wa Titye anatafuta mbegu ya mahindi na mbolea, na mtoto anadaiwa mahitaji ya shule. Shilingi aliyonayo imeshapewa kazi. Mwombe Juni au Julai, mahindi yakiwa ghalani na mnunuzi wa maharage amekwisha kupita, naye atakusikiliza. Mbebeshe pia mzigo mdogo: kwenda kwa wakala wa pesa za simu ni mwendo, na makato yapo. Hatujasahau tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021, jinsi watu walivyorudi kubeba noti mifukoni mpaka Serikali ikaipunguza. Kwa anayetaka kutoa mia tano, balozi wa chama anayepita na daftari ni bora kuliko namba ya simu.

Swali lingine wananchi wanauliza kwa sauti ya chini, mimi naliuliza kwa sauti ya juu: namba zetu mmezipata wapi? Nilijiandikisha katika kamati ya harusi ya jirani, katika orodha ya ushirika, katika zahanati. Sikumbuki kuipa namba kampeni yoyote. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Chama kinachotaka kutunga sheria hakina udhuru wa kuipuuza hii. Kuomba ruhusa kwanza, na kumwacha asiyetaka aseme hataki na asikilizwe, hakutamnyima mgombea hata shilingi moja aliyokuwa aipate kwa haki.

Makatibu wa vyama, uchaguzi unapoisha meseji zenu hukatika siku ileile. Wiki iliyotangulia tulikuwa wapendwa, wapiganaji, nguvu ya chama; wiki inayofuata kimya. Hatuambiwi kilichopatikana, hatuambiwi kilichotumika, hata asante haifiki. Ukaguzi wa hesabu za vyama unaofanywa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ni mzuri, nao una wasomaji wake, lakini yule muuza maharage hatasoma ripoti ile. Miaka mitano baadaye simu yake inalia tena.

Basi naomba meseji yenu ijayo isiwe ya kuomba. Iandikeni kwa Kiswahili cha salamu, itieni saini ya katibu wa kata tunayemfahamu sura, na isome hivi: Ndugu zetu wa Titye, habari za kilimo, katika uchaguzi uliopita kata yenu ilituchangia kiasi fulani, petroli ya pikipiki ilichukua hiki, chakula cha mawakala hiki, hiki kilibaki na kiko akaunti fulani, daftari lenye majina yenu liko ofisini, mlango uko wazi, njooni mlisome.