Jani Hupika kwa Jua

Watoto wetu wa Bukavu hukariri shuleni kwamba jani hujipikia chakula kwa nuru ya jua. Heri waone kwa macho yao, maana vyombo vyake si vya gharama.

Tutwae mche wa maharagwe uliooteshwa mkebeni, tuufungie gizani siku mbili, hata wanga uishe majanini. Kisha tufunike sehemu ya jani moja kwa karatasi nyeusi, juu na chini, tuuweke mche juani kutwa. Jioni tulichume jani hilo, tulichemshe majini dakika moja. Hapo tuzime moto kabisa, kwa maana spiriti huwaka upesi na kuunguza watoto. Ndipo tulitie jani katika kikombe cha spiriti, kikombe nacho ndani ya maji ya moto, mpaka rangi ya kijani itoke. Tulisuuze kwa maji ya moto, tulidondoshee iodini, ile dawa ya vidonda.

Palipopata jua patakuwa peusi kama wino. Palipofunikwa patabaki rangi ya iodini tu. Ndivyo alivyoonyesha Mjerumani Julius Sachs katika miaka ya 1860. Mtoto aliyeona hivyo ataelewa kwa nini muhogo wa kivulini hauneneshi mizizi.