Kabla ya Darasa la Kwanza la Zulia

Je, umejiandikisha kujifunza kutengeneza zulia kwa mashine ya mkono? Karo umekwisha kulipa na siku ni moja, basi jitayarishe.

Kwanza, picha. Mashine hii, yenye umbo la bastola, hudunga nyuzi kwenye kitambaa kizito cha pamba kilichowambwa kwenye fremu. Wewe husimama upande wa nyuma, manyoya yakitokea mbele. Kwa hivyo picha huchorwa kinyume, kama ionekanavyo kiooni. Ukiandika jina la mtoto sawasawa, wageni watalisoma kinyumenyume sebuleni! Chagua umbo kubwa lenye rangi tatu au nne. Mistari myembamba humezwa na manyoya.

Pili, mavazi. Sindano na makasi ya mashine hayajui tofauti ya uzi na nywele. Funga nywele, vua mkufu, na mtandio uache nyumbani. Vaa viatu vinavyofunika vidole. Mwenye pumu asisahau dawa yake na kitambaa cha pua, kwani vumbi la nyuzi ni jingi.

Tatu, kula ushibe. Mashine ni nzito, na sharti uikandamize kitambaani wakati wote. Ukilegeza, nyuzi hazishiki.

Uliza mapema kama karo hiyo inalipia gundi na kunyolewa kwa zulia. Gundi huchukua muda kukauka, hivyo huenda ukarudi mikono mitupu siku hiyo.

Na mstari ukienda upogo, usife moyo. Ng'oa nyuzi, sugua matundu kwa ukucha yajifunge, kisha uanze tena.