Msimu wa Mwisho na Swali la Mirathi



Mabinti wa pwani yetu waliokuwa wakiutazama mchezo wa Wizards of Waverly Place walipokuwa wadogo, leo wako miongoni mwao walio mama, na watoto wao nao wameanza kuutazama. Mchezo huu wa kuchekesha wa idhaa ya Disney ulianza kuoneshwa Marekani tarehe 12 Oktoba 2007, ukaendelea kwa misimu 4, na ukafungwa tarehe 6 Januari 2012 kwa kipindi cha saa nzima kilichotazamwa huko na watu wapatao milioni 9.8. Mwaka 2024 ulizuka mchezo mpya unaoendeleza habari za jamaa ile ile, na jina lake likarudi vinywani mwa watoto. Juma hili tunauzungumzia msimu wake wa mwisho, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalotugusa sisi watu wa Malindi na Kilifi.

Jamaa hiyo ya Russo inakaa mjini New York, na riziki yao ni duka dogo la chakula. Baba, Jerry, amezaliwa katika ukoo wa wachawi. Mama, Theresa, ni mtu wa kawaida. Watoto wao watatu, Justin, Alex na Max, wote wana nguvu za uchawi, lakini sharti la ukoo ni kwamba wakishafunzwa washindane, na mmoja tu abaki nazo. Wawili hupokonywa. Jerry mwenyewe aliwahi kuwashinda ndugu zake, kisha akaziacha nguvu hizo kwa ndugu yake ili apate kumwoa Theresa.

Mzazi wa Kiislamu akisikia habari ya mchezo kama huu huuliza kwanza juu ya uchawi wenyewe, naye ana haki ya kuuliza. Sihiri ni katika madhambi makubwa. Sura ya Al-Baqara, aya ya 102, yatufahamisha kuwa mashetani ndio waliowafunza watu sihiri, na kuwa Nabii Sulayman, alayhi salaam, ametakaswa na uzushi huo. Mtoto na aambiwe hayo waziwazi, asije akadhani ni kipawa cha kutamanika. Hata hivyo, mzazi akiishia hapo atakuwa ameliacha swali ambalo msimu wa mwisho wote umejengwa juu yake: ndugu watabakije kuwa ndugu, ilhali kilichoachwa na ukoo hakimtoshi ila mmoja?

Katika kipindi cha mwisho mashindano yanafanyika. Max anatolewa mapema. Wanabaki Justin na Alex, na Alex yuko mbele. Anapomwona kaka yake amenaswa mguu, anarudi kumsaidia. Justin akishafunguka anakimbia na kufika wa kwanza, na ushindi anatangaziwa yeye. Ndipo anaposema kweli mbele ya wote: kwamba lau si dada yake kurudi nyuma kwa ajili yake, yeye asingeshinda. Nguvu anapewa Alex. Justin anafanywa mkuu wa shule ya wachawi na kuachiwa nguvu zake. Na Max anaahidiwa duka la wazazi. Kila mmoja akatoka na chake. Waandishi wa mchezo walilazimika kulilegeza sharti la ukoo ili watazamaji waridhike, kwani nafsi ya binadamu haistarehe ikiona mtoto mmoja amechukua vyote na wenzake wakaondoka mikono mitupu.

Sisi hatukuachiwa jambo hilo tulitungie mwisho. Sura ya An-Nisaa imelipambanua: madeni na wasia hutangulia, na wasia, kwa mujibu wa hadithi, hauzidi thuluthi, mke aliyefiwa na mume mwenye watoto ana thumuni yake, mama wa marehemu mwenye watoto ana sudusi yake, kisha watoto wa kiume na wa kike, kila mmoja kwa fungu lake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuamua mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa hapo. Njia ipo na mlango uko wazi. Na bado tunaona mashamba ya minazi yakikaa miaka na miaka bila kugawanywa, ndugu wa kiume wakiangua nazi na kuuza, na dada akiuliza huambiwa, "Wewe umeolewa, una kwako." Dada huyo hakuomba sadaka, ameuliza haki aliyokadiriwa na Mola wake.

Liko na jambo zito zaidi. Katika kaunti yetu ya Kilifi, wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma ya uchawi, na wengine wamekimbia maboma yao usiku. Huko Ganze, kijijini Kaya Godoma, kuna kituo kinachowahifadhi wazee waliotoroka kifo cha namna hiyo. Viongozi na watetezi wa haki wamesema mara kwa mara kwamba nyuma ya tuhuma nyingi pana ardhi: mzee yu hai, shamba ni lake, na kijana amechoka kungoja. Neno moja linatupwa msibani au kisimani, linazunguka kijiji, na mzee hana pa kujitetea. Akifa au akihama, shamba limebaki halina mwenyewe.

Hapa ndipo watoto wetu wanapohitaji kusaidiwa. Neno mchawi wanalisikia mahali pawili. Katika runinga mchawi ni msichana mcheshi anayependwa na wazazi wake. Mtaani ni bibi wa jirani ambaye watu wameanza kumkwepa. Mtoto asiyefafanuliwa atacheka hapa na kuogopa pale, na siku moja naye atalitamka neno hilo bila kujua uzito wake. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya tangu mwaka 1925, inamkataza mtu kumtangazia mwenziwe uchawi. Na dini yetu ilitangulia kutukataza dhana mbaya, usengenyaji, na kumwendea mpiga ramli atutajie adui. Kuamini kuwa sihiri ipo hakumpi mtu ruhusa ya kumnyooshea kidole ajuza wa watu kwa sababu ya ndoto au macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni.

Basi tunawanasihi wazazi: ikiwa watoto wameutazama mchezo huu, kaeni nao katika kipindi kile cha mwisho. Waulizeni kwa nini Alex alirudi nyuma, na Justin angepoteza nini lau angenyamaza. Kisha waelezeni kwamba kwetu mirathi haipo maadamu mwenye mali yu hai. Shamba la babu ni la babu mpaka siku yake. Mzazi akipenda kuwapa watoto wake kitu angali hai, Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, ametuamuru tufanye uadilifu baina yao.

Na sisi watu wazima tuna letu la kufanya. Aliye na deni aliandike. Aliye na wasia auandike na aushuhudishe. Waliofiwa na wazazi wasingoje mpaka wajukuu wachanganyikiwe. Wawaite dada zao wote, hata aliyeolewa Lamu au Mombasa, waende kwa Kadhi wakagawanye kwa salama. Na kina mama, ambao ndio wenye mabaraza ya nyumbani, wakilisikia lile neno likitajwa juu ya mzee yeyote, Muislamu au asiye Muislamu, walikate hapo hapo, na wampelekee mzee huyo uji na salamu, mchana, watu wakiona.

Wabillahi tawfiq.