MIJI YETU: Simbamwene, Mji wa Kuta za Mawe

Ninyi mshukao Morogoro na mikungu ya ndizi na matenga ya mboga mwalijua Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kingalu ni jina la wakubwa wa Waluguru kule Kinole, halina haja ya maelezo. Lakini mna kata mjini iitwayo Kingo, na nyingine iitwayo Sultan Area. Kingo huyo ni nani? Vijana wengi hawajui, na wazee wanaojua wanapungua.

Zamani, kabla ya Wadachi, Mzigua mmoja jina lake Kisabengo alifika chini ya milima yetu. Alikuwa mtu hodari, msemaji, tena mkorofi. Aliwakusanya watumwa waliotoroka, akajenga nao mji kando ya mto Ngerengere. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita hapo, wasafiri wakatozwa hongo. Alipokufa, binti yake alishika utawala, naye akaitwa Simbamwene kwa jina la mji. Naam, mwanamke!

Mwaka 1871 mwandishi wa gazeti H. M. Stanley, akimtafuta Livingstone, aliuona mji huo akastaajabu. Ulizungukwa na ukuta wa mawe, na kila pembe mnara. Malango yalikuwa 4, yenye milango ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi kama ya Waarabu. Alikadiria watu 3,000, pengine 5,000, na nyumba zilisongamana.

Hata Aprili 1872 ikaja tufani kubwa. Unguja iliharibika, na huko Bagamoyo majengo ya misioni yakaanguka. Huku kwetu mvua ilipiga milimani, mto ukafurika usiku. Stanley aliporudi mwezi ule ule akakuta ukuta wa mbele umechukuliwa wote, pamoja na nyumba kama 50. Kwa habari alizosikia, alikadiria kwamba watu wasiopungua 100 wamekufa. Ukuta uliojengwa kuzuia bunduki haukuzuia maji, maana adui alitoka juu, mahali pasipowekwa walinzi.

Utawala haukuisha. Kingo, mjukuu wa Kisabengo, alikuwa mkubwa wa hapo Wadachi walipokuja. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misioni ya Morogoro mwaka 1882, na reli kutoka Dar es Salaam ikafika mwaka 1907. Tangu hapo watu walizidi kujenga kuelekea stesheni, na habari za kuta zikasahauliwa.

Mto haukusahau. Mpaka leo masika yakizidi, maji huingia katika nyumba zilizojengwa karibu na kingo, nao wakaao humo ni wanunuzi wa ndizi zetu, na wengine ni ndugu zetu hasa. Tope liwafikialo ni udongo wa mashamba yetu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima, nanyi mwaweza kuzipima wenyewe.