Kukijua Kiswahili siyo kujua kukifundisha

Wadau, kuna rafiki yangu mmoja, tulimaliza naye chuo, ambaye siku hizi ukimpigia simu saa mbili usiku hapokei. Yuko darasani. Darasa lenyewe ni kona ya chumba chake pale Sinza, ukutani katundika kanga ili nguo zisionekane. Anafundisha Kiswahili. Mwanafunzi wake yuko Ujerumani, wanaonana kwa video, na kipindi kikiisha kuna dola zinaingia. Ajira aliyosomea hajaiona mpaka leo.

Nikaona wivu. Nikajisemea, mimi si mwandishi wa habari? Kila siku naandika Kiswahili na nalipwa (kidogo, lakini nalipwa). Nitashindwaje kumfundisha Mzungu kusema habari za asubuhi? Nikajiandikisha kwenye tovuti mojawapo, nikarekodi kile kivideo cha kujitambulisha, nikaweka bei ya chini kabisa ili niwahi wateja.

Mteja wa kwanza akaja baada ya siku chache. Mama mmoja, mtu mzima, anajisomea Kiswahili kwa vitabu. Dakika kumi za kwanza raha mustarehe. Halafu akauliza: "Mwalimu, kwa nini mnasema mwalimu wangu, lakini rafiki yangu? Wote si watu?"

Nikacheka. Kisha nikagundua sina jibu. Nikamwambia ndivyo tunavyosema. Akauliza tena, kwa upole: "Basi kwa nini siyo rafiki yangu imekuja?" Hapo nikaomba umeme ukatike. Siku hiyo haukukatika. Yule mama hakurudi tena, na simlaumu.

Jibu nilikuja kulipata kwa mwenzangu wa Sinza, tena huku anakula chipsi. Maneno ya undugu na mahusiano yasiyoanza na kiambishi cha m- na wa-, kama baba, dada, ndugu, jirani na rafiki, huchukua yangu na zangu kwenye vimilikishi. Kitenzi lakini kinabaki kile cha watu: rafiki yangu amekuja. Maelezo ya dakika moja! Mimi na digrii yangu nilikuwa sina hiyo dakika moja.

Sasa hoja yangu ni hii. Kwa miaka mingi tunaambiwa Kiswahili ni bidhaa. SADC iliifanya kuwa lugha rasmi Agosti 2019. UNESCO ikaitangazia siku yake, Julai 7, katika uamuzi wa Novemba 2021. Februari 2022 Umoja wa Afrika nao ukaipitisha kuwa lugha ya kazi. Tukapiga makofi. Lakini wengi tunaoingia sokoni tuna mtaji mmoja tu: tumezaliwa Tandika, Tanga au Mombasa. Mtaji huo wanao mamilioni ya watu. Kama ndicho kitu pekee ulichonacho, kilichobaki ni kushusha bei. Wewe dola saba, mwenzio sita, wa tatu anakuja na tano.

Na tusimsahau mwenye soko. Chukulia Preply, iliyoanzishwa mwaka 2012. Imejulikana kwa utaratibu wa kuchukua malipo yote ya somo la kwanza la majaribio na kila mwanafunzi mpya. Baada ya hapo mwalimu anayeanza anakatwa asilimia 33, na makato yanashuka hadi asilimia 18 kadiri saa zake za kufundisha zinavyoongezeka. Piga hesabu mwenyewe. Ukiweka dola 6 unabaki na kama dola 4, na bando bado hujalitoa. Ila kilio kikubwa ni cha asiyejua kazi. Anafundisha somo la kwanza bure, mwanafunzi anakimbia. Anakuja mwingine, bure tena. Mwenye soko halali njaa.

Wengine watasema tuvumilie, jukwaa likikuzoea mambo yatakuwa safi. Waulizeni walimu wa Marekani na Kanada waliokuwa wakifundisha VIPKid, kampuni ya Beijing iliyoanza 2013. Walikuwa makumi ya maelfu, wakiwafundisha watoto wa Kichina Kiingereza kwa video, dakika 25 kila somo. Julai 2021 serikali ya China ikabana biashara ya twisheni, na katika masharti yake ikakataza kutumia walimu wa kigeni walioko nje ya nchi. Agosti mwaka huohuo kampuni ikaacha kuuza masomo mapya ya walimu hao kwa watoto wa China. Wanafunzi hawakuwa wa mwalimu, walikuwa wa kampuni. Alichoondoka nacho mwalimu ni ufundi wake tu. Mwenye ufundi anaweza kuanza kwingine kesho yake. Asiye nao anaanzia wapi?

Najua kuna mtu atasema: we mwandishi una mshahara, sisi tunatafuta kodi ya chumba, acha mahubiri. Sawa, njaa haisubiri cheti. Sijasema watu waache kufundisha mpaka wasome miaka mitatu. BAKITA wanatoa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina uzoefu mrefu wa kazi hiyo. Na hata kabla ya kufika huko kuna njia ya mwenzangu wa Sinza: daftari la shilingi mia chache. Kila swali lililomshinda aliliandika, akalitafutia jibu, somo lililofuata akaanza nalo. Ameshapandisha bei mara mbili na wanafunzi wake hawajaondoka.

Mimi ile akaunti nimeisimamisha kwanza. Daftari nimenunua. Kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika: kwa nini tunasema anakuja, lakini tukikanusha tunasema haji, siyo hakuji? Hiyo ku inakwenda wapi?

Wadau, mnaolijua jibu nisaidieni. Na wewe unayetaka kujiandikisha leo usiku, jaribu kwanza kulijibu bila kusema "ndivyo tunavyosema".