Upele wa Magamba kwa Mwenye Kinga Dhaifu

Upele wengi wetu huutambua kwa mwasho wake wa usiku. Mwenye afya njema huwa na utitiri wapatao 10 hadi 15 tu ngozini, na kujikuna kwake ndiko kunakomfichua. Lakini yupo mgonjwa ambaye huenda asijikune kabisa, ilhali amebeba utitiri maelfu, pengine mamilioni. Huyo ni yule ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika: mwenye VVU ambaye hajaanza dawa, aliyepandikizwa figo, mzee asiyeinuka kitandani, au aliyetumia steroidi kwa muda mrefu.

Ngozi yake hukauka na kujaa magamba mazito mikononi, viwikoni, kichwani na chini ya kucha. Jamaa husema ni pumu ya ngozi, wakampaka krimu ya steroidi iliyonunuliwa dukani, na utitiri wakazidi kustawi. Danielssen na Boeck waliueleza ugonjwa huu mwaka 1848 kwa wagonjwa wa ukoma nchini Norway; ndiyo maana wengine huuita upele wa Norway, jina lisilomfaa mgonjwa kwa lolote.

Dawa ya kupaka pekee haitoshi hapa, kwani magamba huizuia kupenya. Daktari hutoa vidonge vya ivermektini kulingana na uzito, vikirudiwa kwa mpango, mathalani siku ya 1, 2, 8, 9 na 15. Pamoja navyo hupakwa permethrini ya asilimia 5 mwili mzima, kichwa kikiwemo, mara nyingi kuliko katika upele wa kawaida, na dawa ya kulainisha magamba. Mjamzito na mtoto aliye chini ya kilo 15 kwa kawaida hawapewi vidonge hivyo. Mipasuko ya ngozi hupitisha bakteria hadi damuni. Homa ikimpata mgonjwa huyu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wote waishio naye watibiwe kwa pamoja, hata wasiowashwa, kwa kuwa mwasho huweza kuchelewa wiki 4 hadi 6. Mashuka, nguo na miswala ifuliwe kwa maji ya moto. Anayemwogesha au kumtawadhisha avae glavu. Wala mzee asifungiwe chumbani kana kwamba ametenda la aibu: dawa hiyo yahitaji mtu wa kumpaka mgongoni, mahali mkono wake usipofika.