Tusisingizie almasi

Kila mara tunapolalamika juu ya kazi ya serikali katika inchi yetu, hakosi mtu wa kutujibu: « Mtafanya nini? Kongo ni kubwa mno. » Tukimtajia Botswana, inchi yenye watu milioni 2 na kidogo, anacheka: « Wale wana almasi! » Neno hili tumelisikia vya kutosha. Leo twataka kulipinga, maana linawafunika wenye makosa.

Almasi? Hata sisi tunazo. Almasi ya Kasai ilianza kuchimbwa na kampani tangu mwaka 1913. Mgodi wa Orapa, huko Botswana, ulifunguliwa mwaka 1971 tu. Kama almasi peke yake ingeweza kulipa mwalimu na kuleta dawa hospitalini, watoto wa Kasai wangewatangulia watoto wa Afrika yote. Sivyo ilivyo, na kila mtu anajua.

Tazameni jinsi Botswana ilivyoanza. Ilipopata uhuru, tarehe 30 Septemba 1966, ilikuwa fukara kabisa. Ukame ulikuwa umeua ng'ombe wengi. Barabara ya lami ilikuwa kama kilometa 12 tu. Wakati wa Waingereza hata ofisi kuu ya serikali haikuwa ndani ya inchi. Ilikuwa Mafikeng, katika Afrika ya Kusini. Sehemu kubwa ya pesa ya serikali ilitoka Uingereza. Basi, walifanya nini?

Kwanza, hawakugawa viti vya ofisi kama nyama ya arusi. Rais Seretse Khama aliwaacha wageni kazini mpaka wenyeji wapate kujifunza, ingawa wengi walinung'unika. Sisi, mwezi wa Julai 1960, tulibaki na viti vitupu, kwa sababu Wabelgiji hawakutayarisha wakubwa wa kazi kwa wakati. Kosa hilo si letu. Lakini yaliyofuata ni yetu: mara ngapi kiti kimepewa shemeji, au mtu wa chama, na aliyejifunza akabaki mlangoni?

Pili, pesa ilifuata mpango. Bunge lao hukubali mpango wa miaka kadhaa, na kazi isiyoandikwa humo haiwezi kuanzishwa mpaka bunge lenyewe liikubali. Waziri hawezi kuamka asubuhi na kujenga anachotaka. Aliyeshika mfuko huo miaka mingi ni Ketumile Masire, kisha akawa rais; ndiye yule aliyesimamia mazungumzo ya Wakongo huko Sun City mwaka 2002. Tena, tangu mwaka 1967 madini yaliwekwa kuwa mali ya taifa zima. Na Orapa iko katika eneo la Bangwato, watu wa Khama mwenyewe! Angaliweza kusema: « Ni ya kwetu. » Hakusema.

Tatu, walisikiliza. Kila kijiji kina kgotla, baraza la wazi. Waziri mwenye mpango mpya huenda huko kuueleza, na mwanakijiji humpinga mbele ya watu. Wazee wao husema kwamba mfalme ni mfalme kwa ajili ya watu.

Je, twawasifu kama malaika? Hapana. Mwaka 1992 makamu wa rais na waziri mmoja waliacha kazi baada ya uchunguzi juu ya ugawaji wa viwanja. Lakini uchunguzi ulifanywa, na mwaka 1994 sheria ikaweka ofisi ya kupinga rushwa. Waliwahamisha Basarwa kutoka pori la Kalahari. Mwaka 2006 mahakama kuu ikasema serikali imekosa. Siku hizi bei ya almasi imeshuka na vijana wengi hawana kazi. Ndiyo maana, mwezi wa Oktoba 2024, wananchi walikiondoa kwa kura chama kilichotawala miaka 58. Rais akakubali, akatoka. Hakuna risasi iliyolia. Huo ndio utajiri tunaouonea wivu, na hauchimbwi ardhini.

Sasa turudi kwa yule asemaye kwamba Kongo ni kubwa. Juzi tulimsindikiza mama mmoja kuandikisha mtoto wake. Sheria yetu inasema mtoto aandikwe bure ndani ya siku 90. Karani akaomba matabishi. Ofisi ile ilikuwa na meza moja, muhuri mmoja na karani mmoja. Ukubwa wa Kongo ulikuwa wapi pale? Na karani yule, kama mshahara wake haufiki, nani ameula njiani?

Tena tangu mwaka 2015 tuna majimbo 26, na mengi yao yana watu kama Botswana au kuipita. Katiba ya mwaka 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki katika majimbo. Basi kila gavana ana inchi ndogo mkononi. Atuonyeshe hesabu yake!

Wasomaji wapenzi, hatuombi wizara mpya wala amri mpya; amri zimejaa makabatini. Twaomba bei za ofisi ziandikwe mlangoni, kila franka ipate karatasi yake, karani apate mshahara wake, na gavana aje kusimama mbele ya watu. Nasi tuache kuwaombea shemeji zetu viti wasivyoviweza. Mwenye kumlaumu mla rushwa, na kesho akampelekea bahasha ili apite mbele ya wengine, anajenga nyumba ile ile anayoilaumu.